Doa Lililoonyeshwa Dirishani

Siku za gulio hakuna tena anayegonga dirisha la chumba cha meno. Mansuri husikia baiskeli zikipita na mihogo, husikia wanawake wakisalimiana kwa makofi, zile salamu ndefu za Kiha ambazo yeye, mtu wa Pangani, hajamaliza kujifunza. Kioo chenyewe kimenyamaza.

Aliyekuwa akikigonga ni Pelagia, mkulima wa maharage wa Heru Juu. Mara ya kwanza aliingia kwa mlango, mwaka 2012, mwanawe Anatoli alipokuwa anaoa.

"Daktari, wakwe wananisema. Nikicheka tu, eti nimelamba masizi."

Mansuri alimfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeusi, juu na chini, kushoto sawa na kulia, imara, hazina kidonda.

"Ziko hivi tangu lini?"

"Tangu nipate akili. Za mama yangu zilikuwa hivi hivi."

"Basi ni rangi tu, mama, kama ya ngozi. Hata mimi ninazo." Akauinua mdomo wake. "Waambie masizi tumelamba wawili."

Pelagia alicheka mpaka akashika meza. Alichoambiwa kilikuwa kweli, ila kilikuwa nusu. Nusu ya pili Mansuri hakuisema: kwamba doa jipya, lililozuka peke yake, linalokua au kugeuka rangi, linalovimba au kutoa damu, si la kuchekea, arudi upesi.

Tangu hapo, kila gulio, Pelagia alisimama dirishani na kapu kichwani. "Mwakeye, Daktari!" Akishaitikiwa, anainua mdomo. "Masizi bado yapo!"

"Yatunze, Mama Anatoli!" Mansuri hujibu, koleo mkononi, mgonjwa kitini.

Novemba 2014, mvua za kwanza zilipoanza, Pelagia hakutaja masizi. Aliinua mdomo, akaweka kidole juu ya jino moja, akangoja. Kitini alikuwepo mzee anayevuja damu.

"Yatunze, mama!" Mansuri akasema, akageuka.

Alirudi kwa mlango Juni 2015, kitenge mdomoni, Anatoli amemshika mkono. Juu ya jino lililolegea palikuwa na uvimbe mweusi wa kibuluu, upande mmoja tu. Kuugusa kidogo, damu.

"Mama! Hili lilianza lini?"

"Wakati wa kupanda. Si nilikuonyesha, pale dirishani?"

"Mbona hukuingia?"

Pelagia alimtazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni yeye. "Ulishasema, mwanangu. Mkubwa akishasema, nirudi kumuuliza nini tena? Nikuaibishe mbele za watu?"

Mansuri aliandika rufaa ya Mwanza. Kipande cha nyama kilipopimwa ilikuwa saratani, nayo imekwisha shuka shingoni.

Amejaribu kujitetea. Saratani ile ni kali. Pengine hata Novemba isingewahiwa. Pengine. Lakini miezi saba aliletewa mkononi, naye akairudisha kwa utani. Wagonjwa wa sasa huwaambia nusu zote mbili, tena mara mbili, na kila anayeinua mdomo humwingiza ndani, amkalishe, awashe taa.

Pelagia amezikwa Heru Juu, nyuma ya nyumba ya Anatoli, kando ya migomba.