Marehemu Aliyechapwa kwa Kosa la Gari

Sina sababu ya kukudanganya. Mimi ni mjane, shule niliachia darasa la nane, na kutunga hadithi siwezi. Haya niliyaona mchana, kwenye barabara ya kutoka Mumias kwenda Matungu, na walioyaona pamoja nami wako hai. Wengine hawapendi kuyasema. Mimi nitayasema.

Tulikuwa tunamleta mume wangu nyumbani kutoka mochari ya Kakamega. Jina lake Makokha. Alikuwa dereva wa trekta la miwa, mtu mpole mpaka majirani wakamcheka. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kuninyooshea mkono. Ugonjwa ulimmaliza polepole, na mimi nilitaka kitu kimoja tu: afike kwao kwa heshima, azikwe na watu wanaompenda.

Dereva wa gari tulilokodi, pikapu iliyo wazi nyuma, aliitwa Shiundu, mtu mzima mwenye kitambi na miwani nyeusi. Tukingoja jeneza litolewe, niliona doa la oili chini ya injini, pana kama sahani. Nimeishi na mtu wa trekta, doa hilo nalijua. Kila asubuhi kabla ya chai, Makokha alichomoa ile fimbo nyembamba ya chuma ya kupimia oili, akaipangusa, akaichovya tena, akaitazama bila haraka.

"Dere," nikamwambia, "oili umepima?"

Akacheka. "Mama, hayo yalikuwa ya zamani. Hii gari inaongea yenyewe. Oili ikipungua, taa inawaka hapa." Akagonga dashibodi kwa kidole. "Unaona taa yoyote?"

Sikuona. Na hapo jeneza likatolewa, vilio vikaanza.

Tulipita Mumias salama. Mbele alikaa Shiundu na shemeji yangu Osundwa, mdogo wake Makokha. Nyuma, kando ya jeneza, tulikuwa mimi na mama mkwe. Mawingu yalikuwa yameinama juu ya mashamba. Ghafla injini ikaanza kugonga, ngo, ngo, ngo, kama mtu aliyefungiwa ndani. Kisha chuma kikalia na gari likasimama. Nikachungulia mbele. Taa za dashibodi ziliwaka zote pamoja wakati huo, injini ikiwa imeshakufa.

Shiundu alizungusha ufunguo. Kimya. Akashuka, akapiga gurudumu teke.

"Gari yangu haina shida," akasema. "Njia yote taa haijawaka. Huyu mtu wenu ndiye hataki kwenda."

Kwetu neno hilo si dogo. Gari la maiti likikwama, watu husema marehemu amekataa safari. Kwanza hubembelezwa. Akizidi kukataa, huchapwa.

Mama mkwe aliweka mkono juu ya jeneza. "Makokha, mwanangu, twende. Watu wanakungoja." Shiundu akajaribu tena. Kimya.

"Alikuwanga hivi hivi," Osundwa akasema. "Mkaidi wa chini kwa chini." Akaingia shambani, akarudi na muwa mrefu. "Shemeji, shuka."

"Humchapi. Fungueni boneti kwanza."

"Wewe umeolewa tu. Mimi ni damu yake. Shuka!"

Alinivuta mkono nikaangukia changarawe. Kisha akaanza. Amini usiamini, kilio cha muwa juu ya mbao ni kibaya kuliko juu ya nyama. "Twende! Kichwa ngumu! Twende!" Kitambaa cheupe kilichanika. Shiundu naye akakata muwa wake, wakapokezana, jasho likiwatoka, mpaka mfuniko ukapasuka ufa. Mama mkwe alijifunika uso kwa leso.

Hapo miwa ikafunguka na mwanamume akatoka.

Uso wake sitakudanganya kwamba niliuona vizuri, ulijaa masizi ya miwa iliyochomwa. Lakini alikuwa na suti ya kijivu, na asubuhi ile nilikuwa nimemvisha mume wangu suti ya kijivu. Koti lilichanika mgongoni. Chini yake kulikuwa na alama za fimbo, mbichi, moja juu ya nyingine. Na kila muwa ulipotua juu ya jeneza, mwili wake ulishtuka.

"Nani huyu mwendawazimu?" Osundwa akauliza, muwa ukiwa hewani.

Mtu yule aliinua boneti kwa mikono mitupu, kitasa kikavunjika. Akachomoa fimbo ya oili, akaipangusa kiganjani, akaichovya, akaichomoa tena. Ilikuwa kavu. Akaisogeza mbele ya macho ya Shiundu.

"Soma."

Alisema kama mtu mwenye pamba mdomoni. Wewe umewahi kuona pamba ya mochari?

"Taa... taa haija..."

Fimbo ilimkata shavu. Miwani ikaruka. Ikamkata tena na tena, kichwani, shingoni, mikononi alipojikinga, ikivuma kama nyuki. Shiundu akalia akimwita mamake. Yule mtu akaushika mkono uliokuwa umechapa jeneza, akaulaza juu ya ukingo wa injini, akaiangusha boneti. Nilisikia mfupa. Akaiinua, akaiangusha tena.

Osundwa alichomoa panga chini ya kiti akampiga nalo begani. Panga lilizama, likalia kama linavyolia likikata muwa, na damu haikutoka. Yule mtu akamgeukia, akampiga kofi moja. Osundwa akatupwa mtaroni, sikio likivuja damu. Kisha akarudi kwa Shiundu, akamwekea ncha ya fimbo kooni, akaanza kusukuma. Ngozi ikapasuka.

Niliona Shiundu anakufa. Niliona pia kwamba Makokha wangu, mtu asiyewahi kupiga hata punda, angeingia kaburini na damu ya mtu. Hiyo ndiyo heshima niliyomtakia? Nikasimama, nikamwita kama nilivyomwita nyumbani.

"Baba Neema."

Mabega yake yakatulia.

"Yatosha. Wameona. Mwache, twende nyumbani kabla ya mvua."

Kisha akairudisha fimbo mahali pake, akaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikakaa, akafunga boneti polepole. Akaenda nyuma ya gari. Nilimfuata. Hakukuwa na mtu, ila jeneza.

Trekta la miwa lililokuwa likirudi tupu lilitukuta hapo, na dereva wake alimjua marehemu. Tulimpandisha kwenye trela, akafika kwao mvua ikianza. Jeneza lilipofunguliwa, watu walipiga mayowe. Tulimlaza chali mochari. Sasa alikuwa amelala kifudifudi, koti limechanika, mgongo wake ukitutazama sisi sote. Mama mkwe alimwita Osundwa aje aone. Akaona.

Fundi alisema oili iliisha kitambo. Taa ile, alitueleza, haipimi oili iliyobaki. Inangoja msukumo wa oili uanguke, na ukianguka, chuma kinasagana na chuma.

Leo Osundwa hasikii kwa sikio moja, na ukimuuliza anasema yule mtu alikuwa mkata miwa mwenye kichaa. Mkono wa Shiundu haukupona. Alikuja kwangu mara moja, akakaa, nikampa chai. Mimi siwezi kupita shamba wakikata miwa. Ile sauti inaniingia mgongoni.

Basi wewe mwenye gari, nisikilize. Asubuhi injini ikiwa baridi, gari likiwa mahali tambarare, chomoa fimbo, ipanguse, ichovye, isome. Usingoje taa. Na gari likikufia njiani na maiti ndani, fungua boneti kabla hujamwinulia mkono. Wangu nilimwita, akasikia. Wako huenda asisikie.