Tumbo Lenye Haya

Daktari wetu hupasha viganja moto kwapani kabla ya kunigusa tumbo. Ni miaka sita tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza unene. Maumivu huja na kutoweka, na picha za tumbo hazionyeshi kitu. Nilimpelekea kurasa kumi na moja za utafiti wangu kuhusu maumivu hayo. Alizisoma zote, kidole kikifuata mistari, kisha akaguna.

"Mwanangu, tumbo lako lina haya kama wewe. Nenda ukale, ukae hapo nje. Likianza kuuma, ingia hata kama nina mgonjwa, tulipige picha kabla halijajificha."

Lilianza. Nikapanga foleni nyuma ya watu wanne, nimejikunja kama mabano. Alipochungulia mlangoni, alinijia mbio, akanishika mkono.

"Leo tumelikamata!"

Nikaingizwa ndani huku nikiwaomba radhi wote wanne, mmoja mmoja.