Jogoo wa Muthumbal

Maisha yake yote ya ndoa Namgidde hakuchonga kitu. Mchongaji alikuwa mumewe, Muthumbal. Namgidde yeye kazi yake ilikuwa kukandamiza udongo mwekundu ndani ya kalibu za plasta, kuunganisha nusu ya juu na ya chini, na kutoboa tundu la mafuta na la utambi. Wachuuzi wa Karthago walizigombania taa zao kwa ajili ya jogoo aliyekaa juu ya kila moja, mwenye jicho la ujeuri kama diwani.

Muthumbal akafa. Kalibu nayo ikalika, kama plasta zote. Shemeji yake Iader, mchomaji wa tanuri, akamshauri watoe kalibu mpya juu ya taa iliyokwisha kuchomwa. Taa zikatoka ndogo kuliko mama yao, na jogoo hana jicho wala kucha.

"Shemeji, huyu kashanyonyolewa, kabaki kutiwa chunguni," Iader alisema. "Sikukuu ya wafiadini hii hapa. Nani atamnunua?"

"Hakuna nyingine nzima?"

"Ipo. Ile uliyomzika nayo kaka."

"Mshenzi wewe!"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ama tulale njaa?"

Namgidde alinuna siku nzima, lakini njaa aliijua. Siku ya kwenda kumlisha marehemu kaburini, kama ilivyo desturi, walibeba mkate, mafuta, divai na mtaimbo. Wakala, wakammiminia divai yake, kisha wakainua bamba la jiwe.

Taa ilikuwa begani pa Muthumbal, jogoo mzima mpaka unyoya wa mwisho. Mdomo wa utambi ulikuwa mweusi tii. Namgidde ndiye aliyeiwasha siku ya maziko; kumbe iliendelea kuwaka humo mpaka mafuta yakakatika. Akalia kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

"Ichukue basi," Iader alinong'ona. "Yeye haihitaji."

"Umemuuliza?" Akaijaza taa mafuta waliyochovyea mkate, akaiwasha, akairudisha. "Funika."

"Sasa atachonga nani?"

"Mimi."

"Wewe? Hata mwiko hujachonga!"

Alichonga. Jogoo wake alitoka na shingo ya bata, na watu hawakumstahi. Wengine walinunua, wengine walikwenda kwa jirani. Mchuuzi mmoja wa zamani alishika moja, akaigeuza, akauliza yule jogoo wa Muthumbal kaenda wapi.

"Yupo," Namgidde alimjibu. "Yuko kazini."