Bibi Yangu Aliyeingia Mtandaoni Baada ya Kuzikwa

Wanasema njia ya mwongo ni fupi.

Yangu ilikuwa ndefu. Ilianzia kwenye meza ya jikoni kwetu Lick Fork, milimani Kentucky, ikaishia Tacoma, upande wa pili kabisa wa Marekani. Maili elfu mbili na ushee, na wala haikuchakaa.

Bibi yangu, Ocie Combs, tulimzika Machi 2001. Udongo niliutupa kwa mkono wangu huu.

Mwezi Juni akaingia mtandaoni.

Sisemi kwa mafumbo. Nilitoka kazini, nikawasha kompyuta, modemu ikalia kile kilio chake cha paka aliyekanyagwa mkia. Kioo kikaandika: "Karibu tena, Ocie. Umebakiwa na saa sita za matumizi."

Mara ya mwisho kuingia kwa jina lile, wiki moja nyuma, nilikuwa nimeacha saa tisa.

Nyumba nzima tulikuwa wawili tu, mimi na Babu Verlin. Na Babu kompyuta alikuwa akiipita kwa mbali, kama mbwa mkali wa jirani.

Nirudi nyuma kidogo.

Mwaka 1999 sidii za mtandao wa bure zilimwagika bondeni kwetu kama vipeperushi vya uchaguzi. Unazikuta kwenye sanduku la barua, kwenye kaunta ya duka, hata ndani ya boksi la nafaka za asubuhi. Hulipi hata senti. Unajaza jina, mwaka wa kuzaliwa na mambo unayopenda, halafu unavumilia mkanda wa matangazo juu ya kioo, haufungiki, hausogei.

Tulikaa humo tulivyotaka. Jirani yetu Opal alikuwa anaacha laini wazi anakwenda kuchuma maharage, anarudi, anaendelea.

Raha haidumu. Kampuni ikaanza kuishiwa pumzi. Aprili 2001 wakatangaza: saa kumi kwa mwezi, kwa kila jina.

Kwa kila jina. Mimi nikauona mlango hapo.

Nilikuwa nasomea diploma ya kumbukumbu za hospitali kwa njia ya mtandao, maana chuo kilikuwa mwendo wa saa mbili kuvuka milima. Saa kumi hazikunitosha hata wiki mbili. Nikajaza fomu ya pili. Ocie Combs, kazaliwa 1926, anapenda mawaridi, mapishi na kanisa. Ikapita. Mkanda ukaanza kumtangazia marehemu meno ya bandia.

Sasa mtu alikuwa anakula saa za marehemu.

Nikafungua sanduku la barua pepe la Bibi, ambalo sikuwahi kuligusa. Nikakuta barua zimetumwa. Kumi na moja. Zote zimetiwa sahihi ya Ocie.

"Mwanangu Reva. Waridi jeupe la ukutani limechanua tena. Mikate ya mahindi siku hizi haitoki vizuri, sijui nakosea wapi. Gari lako lina matairi mazuri? Usiendeshe kwenye mvua na matairi yaliyolika. Mama yako."

Nikaisoma tena toka mwanzo.

Reva ni shangazi yangu. Aliondoka nikiwa na miaka miwili. Aliolewa na mwanamume aliyeingia mgodini wakati wenzake wamegoma, na Babu ni mtu wa chama cha wachimbaji mpaka kwenye uboho. Alimwambia Reva asikanyage tena kizingiti chake. Reva akatii miaka kumi na tisa, bila simu, bila anwani.

Huduma ile ilikuwa na orodha ya wanachama, unatafuta mtu kwa jina. Shangazi, huko Tacoma, alikuwa mwanachama pia. Siku moja akaandika jina la mama yake, na mama yake akatokea.

Barua yake ya kwanza ilikuwa na maneno matatu. "Mama? Ni wewe?"

Na mtu akamjibu ndiyo.

Siku tatu sikulala vizuri. Ya nne, nikiwa kazini dukani, nikapiga simu nyumbani. Laini inatumika, na mtandao wetu ulipita kwenye laini hiyo hiyo ya simu. Nikasubiri robo saa, nikapiga tena. Inatumika. Babu hajawahi kuongea na simu zaidi ya dakika mbili maishani mwake.

Nikamwambia bosi naumwa tumbo, nikaingia garini.

Nilimkuta mezani. Miwani ya Bibi puani, kidole kimoja hewani, anatafuta herufi kama mtu anayechambua mchele. Hakushtuka.

"Ulisahau kuzima," alisema. "Nilipita hapa nikaona imeandikwa Karibu tena, Ocie. Nikakaa tu nilitazame jina. Halafu ikasema ana barua."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia Reva ukweli.

"Angeniandikia mimi?"

Akaiweka miwani vizuri puani.

"Basi tuache tuongee, mimi na mwanangu."

Tangu siku hiyo tukawa washirika katika uongo mmoja. Mimi jioni, yeye mchana. Reva alikuwa anafungua barua saa sita mchana kwake, wakati wa chakula kazini, na kwetu ni saa tisa alasiri. Babu saa tisa hakuitania. Kila mara alimwomba namba ya simu, na kila mara Reva alijibu: "Bado, Mama."

Agosti likaja tangazo la pili. Huduma ya bure inafungwa eneo letu Ijumaa tarehe thelathini na moja. Wanachama wapya hawapokelewi. Na anwani zote zinakufa na huduma.

Ijumaa hiyo hiyo, mwisho saa kumi na moja jioni, nilitakiwa nifanye mtihani wangu wa mwisho. Dakika arobaini na tano, mfululizo, mtandaoni. Jina langu lilikuwa limeshaishiwa. La Bibi lilikuwa limebakiwa na dakika hamsini na mbili.

Tukapatana. Tunaingia saa tisa, barua ya Babu inaondoka dakika ya kwanza, zilizobaki ni zangu. Barua alishaiandika kwa penseli. Niliisoma. Ilikuwa inamdanganya Reva kwamba Mama anahamia kwa dada yake kusiko na mtandao, kaa salama, Mungu akulinde.

Nilimtazama. Akaangalia dirishani.

Bonde zima lilikuwa linapiga namba ile siku ile, kila mtu anakimbiza kipande chake cha mwisho. Nilijaribu mara thelathini na nane ndipo modemu ikashika. Ukitoka, umetoka.

Barua mpya ilikuwa inasubiri.

"Mama, nimekata tiketi ya basi, gari langu halifai safari ndefu. Naondoka leo jioni. Nitakuwa hapo kwenye siku yako ya kuzaliwa tarehe nne. Sijali Baba atasema nini. Reva."

Dakika hamsini na moja.

Babu aliisoma mara mbili, midomo ikitembea. Uso ukamgeuka majivu.

"Anakuja kumwona nani?" aliuliza, kama mimi ndiye niliyemwita.

Nikamwambia atamke, mimi niandike, vidole vyangu vina mbio. Dakika mbili tumemaliza.

"Hapana," alisema. "Hili nalisema mwenyewe. Ondoka kwenye kiti."

Nataka uelewe kilichokuwa kwenye kile kiti. Miaka miwili ya kusoma baada ya kusimama dukani siku nzima. Kazi ya hospitali niliyoahidiwa nikileta cheti mwezi wa kumi. Bila mtihani ule hakuna cheti. Na mzee mwenye vumbi la makaa mapafuni ananiambia niondoke.

Nikaondoka.

Akaandika kwa kidole kimoja. Herufi, pumzi. Herufi, pumzi. Mkanda juu ya kioo unatangaza mbegu za mawaridi kwa nusu bei. Dakika arobaini na nne. Hapo mtihani ulishakufa, na wote wawili tulijua. Dakika thelathini. Alifuta mstari mzima akaanza upya, nikauma ngumi. Dakika ishirini na mbili.

Aliandika hivi:

"Reva. Mama yako alikufa Machi kwa moyo. Aliyekuwa anakuandikia ni mimi. Nilikufukuza na nilikosea. Verlin Combs, baba yako."

Akabonyeza. Tukakaa.

Saa sita ya Tacoma ilikuwa inakwisha. Dakika kumi na tano. Tisa. Babu amekunja kofia yake mpaka imekuwa kamba. Dakika tano.

Nne.

Una ujumbe mmoja.

"Baba. Mama hajawahi hata siku moja kuniuliza habari za matairi. Barua yako ya kwanza tu nilijua ni wewe, na nikajua kwamba kama wewe ndiye unayeandika, basi yeye hayupo. Nililia wiki nzima. Halafu nikasubiri useme jina lako. Leo nimeandika nakuja ili nione kama utaniacha nisafiri siku tatu nikapokewe na kaburi. Tiketi ni ya kweli. Nakuja hivyo hivyo."

Babu alinyoosha kidole kujibu. Mkanda ukawa mweupe. Modemu ikakata.

Babu akaikunjua kofia yake, akaivaa.

Reva alishuka kwenye basi tarehe tatu, mvi kichwani, begi moja. Babu alitembea mpaka alipo akasimama hatua mbili mbele yake. Nikasubiri neno kubwa.

"Hilo gari," alisema, "matairi umeyaacha na nani?"

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini kwenye lami.

Baba mkubwa Estill, mzee wa kanisa, aliposikia habari nzima alikuja na Biblia kwapani. Akasema nimelichezea jina la marehemu, nimeiibia kampuni, nimemfundisha mzee kusema uongo. Akataka Jumapili nisimame mbele ya waumini niombe radhi. Babu alitaka kuingilia, nikamzuia.

Mtihani niliufanya mwaka uliofuata, kwa mtandao wa kulipia. Kazi ile ya hospitali alishapewa mwingine. Nilichojifunza ni hiki: cha bure kina siku zake, na kikikatika hakikuulizi umemaliza kuongea au bado. Kama kuna mtu unamwandikia kwa jina la mwingine, mwambie ni wewe wakati laini ingali wazi.

Lakini Jumapili ile nilikaa kitini mwanzo wa ibada mpaka mwisho. Reva kulia kwangu, Babu kushoto.

Estill akaniita mara mbili mbele ya watu wote.

Nikamwambia, "Baba mkubwa, siombi."

Na leo siombi.