Udongo Tuliouweka Juu ya Bati

Naikumbuka siku tuliyopandisha udongo juu ya bati jipya. Naikumbuka kwa shingo, mwanangu, maana maji ya kuukandia udongo ule niliyabeba mimi, ndoo kwa ndoo, kutoka kisimani. Na kisima chenyewe ukikiendea asubuhi, unarudi jua liko utosini.

Nilikuwa na mwaka mmoja tangu niolewe. Mume wangu Yona, Mungu amlaze pema, alikuwa ameshuka mashimo ya Sekenke misimu miwili akitafuta dhahabu. Mara moja shimo lilimfunika hadi kifuani, wenzake wakamfukua kwa mikono. Alichorudi nacho hakikuwa kingi, lakini kilitosha kuezeka vyumba viwili. Siku hizo mji wetu ulikuwa bado safu chache za nyumba kando ya barabara ya lori. Watu wa zamani walikaa kwenye tembe, zile nyumba za paa bapa la udongo walizotuachia babu zetu, na sisi vijana wa safu yetu ndio kwanza tulianza kuweka bati. Bati likilia kwa mvua, unajisikia nawe ni mtu.

Ndipo ikatangazwa kwamba nyumba za bati zitalipiwa kodi, na za tembe zitasamehewa, na karani atapita kuziandika daftarini. Jirani yetu Daudi, fundi cherehani, mtu wa maneno matamu kama ubuyu, akaja jioni.

"Shemeji," akaniambia, "karani si ndege. Anapita chini na baiskeli yake. Akitazama juu akaona udongo, ataandika nini?"

"Ataandika tembe," nikasema.

"Basi umefaulu mtihani!"

Tukacheka sana. Mwanangu, nimesoma hadi darasa la nne tu, lakini siku ile nilijiona nimesoma kuliko mwalimu. Paa letu lilikuwa la mteremko mdogo. Tukatandaza nyasi juu ya bati, tukamwaga udongo uliokandwa, pembeni tukachomeka mabua ya mtama kuficha ncha zinazong'aa. Safu nzima ilifanya hivyo. Waume juu ya paa wakiimba, wake chini wakiinua ndoo. Karani Hamisi alipofika, alisimamisha baiskeli mbele ya mlango wangu akakunja uso.

"Mama, hicho kinachomeremeta pale nyuma ni nini?"

"Kifuniko cha banda la kuku, baba."

Akanitazama. Nikatazama kuku. Akaandika: tembe. Alipoondoka, tulicheka hadi mke wa Daudi, Tabu, akakaa chini akishika mbavu.

Mkwe wangu, mama Rahabu, alikuja wiki ile kututembelea kutoka Iramba. Alikuwa mama mfupi, mkavu, asiyepaza sauti. Nikampokea mzigo, nikapiga goti, nikamwamkia. Aliitikia huku macho yake yakiwa juu ya paa.

"Bati la mwanangu liko wapi?"

Nikamweleza, tena kwa furaha, nikidhani atanisifu kwa kumlinda mwanawe. Akashusha macho kutoka kwenye paa, akanigeukia. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiinama kupepeta uwele nayasikia.

"Mwanangu alifukiwa na udongo akitafuta bati hili. Wewe umeuchukua udongo ule ule ukaupandisha kichwani kwake. Sikiliza, binti. Mtu akijiandikisha kuwa hana, asilie akipitwa na cha wenye nacho. Mficha uchi hazai."

Usiku ule hakuingia ndani. Alitandika ngozi yake uani, karibu na mbuzi. Yona akambembeleza. Akajibu, "Mbuzi hawajadanganya mtu."

Nilikasirika, sikufichi. Nilisema moyoni, huyu mama wa Iramba anajua nini habari za mjini? Kumbe mwenye macho alikuwa yeye.

Sasa nitakwambia kwa nini nimeyafukua haya leo, na kwa nini nimeyafukua kwa hasira. Juzi tulikuwa na mkutano wa mtaa, uwanja wa shule. Mgeni wa mkutano alikuwa diwani wetu, Festo. Festo huyu ni mtoto wa yule yule Daudi fundi cherehani. Nimembeba mgongoni. Alikuja na spika mbili na kofia, akasema amesikia kilio chetu, na atakwenda kwenye baraza la madiwani kupeleka hoja kwamba kodi ya majengo ishuke nusu. Nusu! Uwanja ukalipuka. Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa Gervasi, mwenye ile ghorofa ya wageni na fremu za maduka kutoka kona hadi kona. Hilo silishangai, kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Lililonichoma ni kuwaona watu wa nyumba za tope, wasiodaiwa kodi hata ya jiwe, nao wanapiga vigelegele. Wanashangilia nini? Hawajakatwa, watapunguziwa nini?

Na aliyekaa kando yangu, mjukuu wangu Neema, mimba ya miezi saba, naye alikuwa anapiga makofi.

"Neema," nikamwambia, "unampigia nani?"

"Bibi, we acha tu. Nimepanga vyumba viwili. Kila nikinunua umeme, wananikata kodi ya jengo. Jengo si langu! Mwenye nyumba yuko Manyoni anakula kuku."

Mwanangu, hapo alisema kweli, na kweli haigombwi. Ni uonevu mpangaji kulipia nyumba ya mtu. Lakini dawa ya uonevu huo ni mwenye nyumba abanwe alipe chake. Kumpunguzia Gervasi wa ghorofa ndiyo kumponya Neema? Mwiba umeingia mguuni kwako, wewe unakwenda kumtoa jirani asiyechechemea!

Pale pale uwanjani, ukigeuza shingo kidogo, unaliona boma la wodi ya wazazi. Kuta zake tumezisimamisha sisi. Wanaume walivunja mawe, wanawake walibeba maji na mchanga, mimi mwenyewe na miguu hii nilipeleka uji wa mafundi. Zimefika juu, zimesimama, zinasubiri paa. Tuliambiwa paa litatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, na kodi ya majengo ni mojawapo. Mvua zimepiga misimu miwili. Ndani kumeota majani, mbuzi wa watu wanalala pale kama wamepangishwa. Zahanati ina kitanda kimoja cha kujifungulia nyuma ya pazia. Wakikutana wawili wenye uchungu, mmoja anapandishwa bodaboda kupelekwa hospitali ya mbali. Na Neema wangu siku zake zinahesabika.

Nikanyanyua mkono. Mwenyekiti wa mtaa akanipa nafasi, maana mvi nazo ni kadi.

"Shikamoo bibi," Festo akasema kwenye spika, akitabasamu.

"Marahaba, Festo. Nina swali moja. Kodi ikishuka nusu, boma lile litaezekwa kwa kitu gani?"

"Bibi, usiwe na wasiwasi. Tutatafuta wafadhili."

"Wafadhili ndio watakaozaa humo?"

Watu wakacheka. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Bibi kazoea tembe, mwacheni!" Wakacheka zaidi, na safari hii walinicheka mimi. Ndipo hasira ilipopanda, mwanangu. Hasira ya mtu anayeona shimo alilotumbukia yeye, na watoto wake wanalikimbilia wakiimba.

Nikasema, "Ndiyo, nimezoea tembe. Hata bati niliwahi kuligeuza tembe. Kaeni niwaambie."

Nikawaambia yote. Udongo, mabua, karani Hamisi, banda la kuku. Walicheka mpaka nilipofika hapa ninapokufikisha wewe sasa.

Mwaka uliofuata, watu wa maji walileta bomba mjini kwetu. Wazee wa mji wakakaa kupanga lipite wapi, wakafungua lile daftari la nyumba. Mzee mmoja akasoma kwa sauti: "Safu ya kina Yona na Daudi, tembe tupu, hakuna mlipaji. Bomba lipite upande wa pili." Sisi tupo pale pale tumesimama, tunasikia. Ungesema nini, mwanangu? Ungepanda juu ufukue paa mbele ya watu? Daudi na maneno yake yote alitazama viatu vyake. Bomba likapita upande wa pili, likakaa huko miaka mingi. Ujanja tuliufurahia sote, lakini waliobeba ndoo ni sisi wake. Na bati lenyewe, chini ya udongo ule wenye unyevu, liliota kutu likawa chujio. Tulipolifukua, vidole vilipita.

"Na mke wa Daudi," nikasema pale mkutanoni, nikimtazama Festo, "alikuwa na mimba kubwa. Alikwenda kisimani kwa sababu ndani hapakuwa na tone. Nilikuwa naye. Uchungu ulimkamatia njiani, pale kwenye jiwe kubwa lililopasuka. Ndoo ilianguka, maji tuliyoyapigania yakamwagika yote. Nilimzalisha kwa khanga yangu, sina wembe, sina maji ya kunawa. Tabu alimwaga damu hadi nikaanza kumwitia Mungu. Alipona, lakini hakushika mimba nyingine tena. Mtoto huyo kanisani aliitwa Festo. Safu nzima tulimwita Wa Njiani."

Spika peke yake ndiyo iliyokuwa inanguruma.

Sikutaka kumwaibisha. Nilimpenda mama yake kama dada. Lakini mtu akisahau alipozaliwa, wa kumkumbusha ni yule aliyemshika.

Festo aliteremsha kipaza sauti. Akasema bila spika, "Bibi, mama hakuwahi kuniambia ilikuwa sababu ya bomba."

"Angekwambia vipi? Angemtaja baba yako."

Gervasi akadakia kutoka kwenye kiti chake, "Mheshimiwa, hadithi za zamani hazilipi kodi! Tuendelee na ajenda."

Nikamgeukia. "Gervasi, mwanangu, mkeo alijifungulia wapi? Si hospitali kubwa, kwa gari lako? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Keti."

Akaketi, na si kwa kunipenda.

Basi usidhani niliwashinda. Mikono ilipohesabiwa, wanaotaka kodi ishuke walikuwa wengi kuliko sisi. Ndivyo ilivyo, neno la kupunguziwa ni tamu hata kwa asiyedaiwa. Mwenyekiti aliandika hivyo, na ndivyo itakavyokwenda barazani. Lakini yaliandikwa na mengine mawili, niliyosimamia yaandikwe nikisikia. Moja, wenye nyumba walipe wenyewe, mpangaji asibebeshwe. La pili, daftari la mapato na matumizi lisomwe hadharani kila robo ya mwaka, maana siwaambii watu walipe halafu wafumbe macho. Halmashauri inayopokea na kunyamaza nayo inafukia bati la watu. Na wakati wa kunyoosha mikono niliona jambo moja. Mkono wa Neema ulibaki juu ya tumbo lake.

Festo alinisindikiza hadi nyumbani kwa miguu. Tulipofika kwenye lile jiwe lililopasuka, akasimama, akaliwekea kiganja. Sijui atasema nini barazani. Nimemwambia nitakwenda kusikiliza, na nitakaa mbele.

Sasa wewe unayenisoma, shika haya. Atakayekuja na spika akikuahidi kukupunguzia, muulize kwanza anampunguzia nani, na kinachopungua kilikuwa kinajenga nini. Usijiandike maskini kwa ujanja, maana daftari halijui mzaha. Likishaandika hamna kitu, watakupita kama hamna mtu. Ukidai haki, dai haki yenyewe, usishangilie ya jirani aliyeshiba ukadhani makombo yatakufikia. Ukishalipa, usilale: fuata, uliza, simama uwanjani hata wakikucheka. Kuchekwa hakuui, nimechekwa nikiwa na miguu mibovu na bado nikarudi nyumbani kula ugali wangu. Na usisubiri wafadhili kwa jambo ambalo mji wenu unaweza. Mkono mtupu haulambwi, seuze mkono unaojifanya mtupu. Mchuma janga hula na wa kwao; la kwetu tulilichuma tukicheka, akalila Tabu.

Mungu akupe nyumba ambayo huna haja ya kuificha. Akupe majirani wasioona aibu kusema tunacho. Wanao wazaliwe chini ya paa, mvua ikilia juu yao wakiwa wakavu, na wasiitwe kwa jina la njia. Na Neema wangu, siku yake ikifika, bati liwe limemtangulia.