Tulibonyeza kwa Heshima

Majina siyaandiki. Huku milimani tunajuana, na wahusika wakisoma watajitambua bila kuitwa. Mmoja ni mtaalamu aliyekuja na kompyuta na koti la bluu. Wa pili ni mtendaji wetu wa kata. Wa tatu nitamtaja nikimfikia. Hao watatu ndio walioniulia mke, hata kama cheti cha kifo kimeandikwa maporomoko ya udongo.

Mradi ulituletea namba ya kuitia gari la wagonjwa. Unabonyeza nyota, tarakimu tatu, reli, hata kwenye simu ndogo ya kitochi, na gari linakufuata mpaka njia inapoishia. Zamani mgonjwa tulimbeba kwa machela, miti miwili na blanketi, wanaume wanne wakipokezana kushuka mteremko mpaka barabara ya Mlola. Tulivyosikia habari ya gari tulifurahi, kwa nini nidanganye.

Mtaalamu akasema kabla ya kuanza lazima mfumo ujaribiwe na watu wengi kwa wakati mmoja, tuone kama utahimili. Hapo simlaumu, alisema kweli. Tukaitwa uwanja wa shule ya msingi, vitongoji vitatu, kila mtu na simu yake. Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi, nikapewa safu moja niisimamie.

"Nikipuliza filimbi, wote mbonyeze pamoja," akasema.

Akapuliza. Na uwanja mzima ukatulia.

Yeye ni mtu wa mjini, hakujua. Katika safu yangu alikuwepo baba yangu mzazi, anapapasa mifukoni anatafuta miwani. Sasa nani atabonyeza kabla ya mzee kuiona simu yake? Wake za watu wakawangoja wakwe zao, vijana wakawangoja mama zao. Safu ya mbele walisimama sheikh na mchungaji.

"Tangulia, mchungaji."

"Hapana, sheikh, tangulia wewe, mimi nakufuata."

Mke wangu alikuwa nyuma yangu, kidole gumba juu ya kitufe. Akanisemesha kwa Kishambaa, si kwa sauti ya kunong'ona, "Balozi, siku nikiugua pamoja na baba mkwe, nimsubiri augue kwanza?"

Safu nzima ikacheka. Baba mwenyewe akacheka mpaka miwani aliyokuwa ameipata ikamdondoka, tukaanza upya kuitafuta. Mtaalamu akauliza kuna nini, akatafsiriwa, akacheka na yeye. Swali lenyewe hakuliandika.

Mpaka wa mwisho anabonyeza, makande jikoni yangekuwa yamekaribia kuiva. Kila mtu alijibiwa na simu yake. Mtaalamu akaangalia kioo cha kompyuta, akajikuna kichwa.

"Mbona maombi yamekuja mojamoja? Hili si jaribio. Turudie."

Mtendaji akamshika bega. "Watu wetu ni wastaarabu, hawana kusukumana. Na wageni wa mradi wanakuja wiki ijayo. Andika umefaulu."

Akaandika. Alijua, na akaandika.

Fomu ilihitaji sahihi ya mwakilishi wa wananchi. Wakaniletea mimi. Shule nimeishia darasa la nne, lakini macho ninayo, nilikuwa nimeona kila kitu. Nilikuwa na karoti shambani hazijapaliliwa, nataka kurudi nyumbani. Nikatia sahihi. Wa tatu ndiye huyo.

Masika ikaja. Siku ya nne ya mvua, asubuhi mimi na mke wangu tukiwa jikoni tunakunywa chai, mlima uliokuwa nyuma ya nyumba ulishuka. Ukuta ukatulalia, mimi mguu, yeye kifua. Majirani walitufukua. Alikuwa anaongea. Aliulizia mbuzi kama wamepona.

Wanaume walishakata miti ya machela. Mmoja akasema, "Ngojeni kidogo, si kuna gari siku hizi? Mtamtikisa bure." Nikabonyeza mwenyewe, nimelala kwenye tope. Simu ikajibu: Ombi lako limepokelewa. Tafadhali subiri.

Tukasubiri.

Saa hiyohiyo ng'ambo ya bonde nako kulikuwa kumeporomoka, na kule juu msituni pia, na kila mwenye simu anabonyeza, akijibiwa subiri anabonyeza tena. Siku hiyo hakuna aliyemngoja mzee avae miwani. Baadaye tuliambiwa mfumo uliganda. Ulikuwa unapokea tu, haumpelekei dereva chochote. Dereva alishinda ndani ya gari anasikiliza redio, haitwi na mtu. Nimemuuliza kwa mdomo wangu, akaniapia, nikamwamini. Yeye simweki kwenye wale watatu.

Nasi tulizoea kungoja. Tukiambiwa subiri, tunasubiri. Kufika adhuhuri mke wangu alikuwa ameacha kuuliza habari za mbuzi, ndipo wakamweka kwenye machela. Alikata roho kwenye kona ya mikaratusi. Barabara ilikuwa inaonekana kwa chini.

Siku ya maziko, majembe bado yana udongo, simu ikatetemeka mfukoni. Gari lako limefika. Baba aliichukua mkononi mwangu akaizima.

Mwezi uliopita walirudi. Mtaalamu yuleyule, koti lilelile, anasema mfumo umetengenezwa upya na tuujaribu. Mtendaji alitoa pole ndefu kwa wafiwa, kisha akatupanga safu. Mama mkwe wangu alikuja. Kwa kawaida mimi na yeye hatusimami karibu, na mbele yake nainamisha macho. Siku hiyo alikuja akasimama ubavuni kwangu, kitochi mkononi, akawageukia watu.

"Leo uwanja huu hauna mkubwa wala mdogo," akasema. "Hakuna mkwe wa mtu. Ukisikia filimbi, bonyeza."

Filimbi ikalia. Tukabonyeza kwa pamoja, sheikh, mchungaji, baba na miwani yake ameivaa tangu nyumbani. Simu zote zikasema subiri. Kompyuta ikaganda, mtaalamu akawa anagongagonga vitufe tu.

Mtendaji akakohoa. "Basi twende safu kwa safu. Kwa zamu, kistaarabu."

Mama mkwe akamwuliza, "Mwanangu zamu yake ilikuwa ya ngapi?"

Mtendaji akageuka kutafuta kalamu. Fomu ikaletwa kwangu, na kalamu, kama mwanzo. Nikaandika kwa mwandiko wangu mbovu: umeshindwa. Chini yake nikatia sahihi.

"Umeniharibia fomu, balozi," mtendaji akasema.

"Unazo nyingi."

Mtaalamu alikuwa anaanza kukunja nyaya zake. Mama mkwe akamzuia kwa mkono.

"Washa tena, baba. Puliza. Sisi tupo mpaka jioni."

Akapuliza. Ukaganda. Akapuliza tena, ukaganda, na safari hii akatoa daftari akawa anaandika "umeganda", kila mara, na sisi tunamwangalia kalamu.