Siku Nilipoipima Bunduki ya Babu kwa Asidi

Naona aibu kuyasema haya, lakini kwa kuwa nusu ya Runzewe mmeshayasikia na kila mtu anaongeza chumvi yake, heri myasikie kwangu mwenyewe: mimi Kulwa, mnunuzi wa dhahabu, mtu mzima mwenye watoto wanne, nilikaa mbele ya wakwe wa mdogo wangu nikiwa nimefungwa khanga ya shemeji, na chanzo chake ni wivu, sina jina lingine la kuuita.

Doto ni pacha wangu. Nilimtangulia kuzaliwa kwa dakika chache tu, lakini kutangulia ni kutangulia. Sasa babu yetu alipokuwa anakaribia kufa, ile bunduki yake ya enzi za Mjerumani (haipigi tena, na kibali chake kipo, msije mkaniletea polisi) hakunipa mimi mkubwa, alimkabidhi Doto, mfuga ng'ombe ambaye hata manati ilikuwa inamshinda. Mimi nikaambulia kigoda. Miaka yote hiyo nikienda kwake naikuta imetundikwa ukutani, nakunywa maziwa yake huku roho inaniuma, nikirudi dukani nawaambia watu kwamba lile ni gobore tu lililofuliwa na wahunzi wa kijijini. Nililisema hilo mpaka nikaliamini.

Basi Doto akanipigia simu, kaka, njoo Jumamosi, kuna mama mtaalamu wa vitu vya kale anakuja kuikagua kama ni orijino na ina thamani gani, tafadhali usikose. Mimi nikaelewa kitu kimoja tu, kwamba ananiita nikashuhudie anavyosifiwa. Kabla ya kupanda bodaboda nikatia mfukoni tupa yangu ndogo na kichupa cha asidi, vile ninavyopimia dhahabu kila siku.

Nilichelewa kufika. Sebule imejaa, shangazi yupo, majirani wapo, wakwe wa Doto wamependeza, na bunduki imelazwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Yule mtaalamu alikuwa ametoka kwenda kwenye gari kuchukua kioo chake cha kukuzia, na watu walikuwa wameshaanza kumpa Doto mkono wa hongera (mimi nilipewa soda). Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama, nikawaambia kwamba kwenye kazi yetu kitu hakipimwi kwa macho, nikainama kwenye kitako cha bunduki palipokuwa na kibati cha shaba kilichojaa kutu na uchafu, nikakisugua kwa tupa mpaka kikang'aa, kisha nikadondosha asidi. Ikachemka povu la kijani. Mnajua wenyewe, dukani kwangu kijani maana yake umeletewa feki.

"Mmeona?" nikasema kwa sauti ya kutangaza. "Kijani. Hii siyo orijino."

Sauti ya yule mama ikatokea nyuma yangu, taratibu kabisa. "Kwani baba, ulitegemea bunduki iwe ya dhahabu?"

Walicheka mpaka wakwe. Nikageuka kwa haraka nimjibu, kichupa kikaniponyoka, asidi yote ikamwagikia suruali yangu kwenye paja, na mwanzoni nikajikaza nisionekane, lakini nani anajikaza na asidi. Nikaanza kurukaruka. Shangazi akasema, "Ng'wana wane, mwanangu, vua hiyo suruali, utaungua," na nikavua, mbele ya kila mtu, shemeji, mke wa Doto, ananimwagia maji ndoo nzima, kisha akanirushia khanga yake huku ameangalia pembeni.

Nikakaa. Yule mama akainama na kioo chake, akakitazama kibati kwa muda mrefu, akasema mtutu ni wa kweli na mbao ni yenyewe, ila namba za kikosi kilichoitumia zilikuwa hapo kwenye shaba, chini ya ule uchafu, na sasa hazipo tena. Bila namba hizo, akasema, thamani yake haitafika hata nusu. Nitawaambia ukweli wote: pamoja na paja kuniwaka, moyoni nilifurahi. Nilimwangalia Doto nione atakavyonyong'onyea.

Yule mama akafungua karatasi zake ili azijaze upya, akasoma alichokuwa ameandika asubuhi. "Wamiliki: Kulwa na Doto." Kulwa wa kwanza.

Nikamuuliza Doto hiyo imetoka wapi. Akajibu bila hata kupandisha sauti. "Babu alisema ni yetu wote, kaka. Alinipa niitunze kwa sababu wewe ungeiuza. Leo nilitaka uambiwe mbele ya watu."

Hakunisema siku ile na hajanisema mpaka leo, laiti angenitukana tukamaliza. Kwa hiyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi wangu: siku nyingine kitu cha mtu kikinikereketa roho, kabla sijakigusa nitauliza kwanza ni cha nani.